Joto la maji halizidishi kila kimelea cha samaki

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijadili makala ya ufugaji iliyotoka hivi karibuni gazetini mwako, ambayo mwandishi wake alieleza kwamba kadiri maji yanavyopata joto ndivyo vimelea vya samaki vinavyozidi kuongezeka. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake na sina ugomvi na nia ya aliyeiandika, lakini ikiachwa ilivyo itawapotosha wafugaji, kwa sababu joto haliishii kwenye kimelea. Linamgusa pia samaki anayekibeba, na mara nyingi linamgusa konokono au kijidudu ambamo kimelea hicho hupitia kabla ya kumfikia samaki, na hawa watatu hawaendi kwa mwendo mmoja. Lugha yetu yenyewe inatutega hapa: tunasema samaki wa maji baridi tukimaanisha maji yasiyo na chumvi, kisha tunasahau kwamba maji hayo hayo yanaweza kufika nyuzi joto 30 ifikapo saa nane mchana.

Nianze na Ichthyophthirius multifiliis, kimelea kinacholeta ugonjwa wa madoa meupe. Kila doa tunaloliona ni kimelea cha seli moja kilichojichimbia chini ya ngozi ya samaki na kujilisha humo. Kikishapevuka hutoka, hujibandika kwenye jiwe au ukuta wa bwawa, hujifunika kwa ganda na kujigawa mpaka kikatoa mamia ya watoto, pengine hata elfu moja, ambao huogelea wakimtafuta samaki na hufa wasipompata ndani ya siku mbili hivi. Katika maji ya nyuzi joto 25 mzunguko huo humalizika kwa muda usiofika wiki moja. Katika maji ya nyuzi 7 huchukua zaidi ya wiki tano. Mpaka hapo mwandishi wa makala yuko sahihi. Hata hivyo, joto likipita nyuzi 30 hivi uzazi wa kimelea hiki hukwama, na ndiyo maana baadhi ya wanaofuga samaki wa mapambo hupandisha joto la tangi kwa makusudi kama tiba, ikiwa samaki wao ni wa aina inayolistahimili.

Jambo hili si la kitabuni tu. Dawa zinazotumika dhidi ya madoa meupe humuua yule anayeogelea. Aliye chini ya ngozi na aliye ndani ya ganda hawaguswi. Kwa hiyo mfugaji analazimika kurudia dawa ili kila kundi jipya linalotoka likutane nayo, na kasi ya kutoka kwa makundi hayo inaamuliwa na joto la maji. Mimi mwenyewe niliwahi kupewa na muuza dawa ratiba ya wiki moja, nami nikaifuata neno kwa neno katika msimu wa baridi. Madoa yalipungua, nikajipongeza, na wiki chache baadaye yakarudi mazito kuliko mwanzo, kwa sababu nilikuwa nimeacha dawa wakati vimelea vingi vingali ndani ya ngozi vikipevuka taratibu. Ratiba ile ilikuwa sahihi kabisa, ila ilikuwa ya maji ya moto.

Samaki naye ana hesabu yake. Mwili wake hufuata joto la maji, na kinga yake pia. Kwa samaki waliozoea maji ya uvuguvugu, baridi hulegeza kinga hiyo, na inapofika majira ya joto kurudi vimelea huamka upesi huku kinga ikijivuta nyuma yao. Hiki ndicho kipindi ambacho wafugaji wengi wa nchi zenye majira ya baridi kali hupoteza samaki, ingawa maji bado hayajafika hata karibu na kiwango chake cha juu cha mwaka. Upande wa pili, maji yakizidi joto hupoteza oksijeni: yenye nyuzi 10 yanaweza kubeba takriban miligramu 11 kwa lita, na yenye nyuzi 30 hubeba saba na nusu tu, wakati samaki huyo huyo anahitaji kupumua zaidi. Matamvua yaliyoshambuliwa na vimelea hayawezi kuhimili upungufu huo. Ndivyo ilivyokuwa Septemba 2002 katika mto Klamath, California, ambako samoni zaidi ya 30,000 walikufa: maji ya mto yalikuwa machache na yenye joto, samaki walisongamana, na kimelea cha madoa meupe kikishirikiana na bakteria Flavobacterium columnare kikayamaliza matamvua yao. Kulaumu joto peke yake hapo ni kusahau msongamano na uchache wa maji.

Mfano mwingine unaonifikirisha zaidi ni wa mto Yellowstone, Montana. Mwezi Agosti 2016 maelfu ya samaki walikufa, na mamlaka za jimbo zikafunga takriban kilomita 295 za mto huo kwa muda. Chanzo kilikuwa Tetracapsuloides bryosalmonae, kimelea kinachoishi kwanza ndani ya brayozoa, yaani viumbe vidogo vinavyokaa kwa makundi vikiwa vimeshikamana na mawe na mizizi, kisha huingia kwenye figo za samaki wa jamii ya samoni na trauti. Samaki anaweza kukibeba katika maji ya ubaridi bila dalili kubwa, lakini maji yakikaa juu ya nyuzi 15 figo huvimba na vifo huanza. Sehemu kubwa ya madhara hayo hutokana na mwili wa samaki wenyewe, ambao kinga yake huwaka kwa nguvu kupita kiasi. Anayehesabu vimelea tu, bila kutazama figo, hataelewa kilichowaua.

Kuna pia vimelea vinavyolipa gharama ya joto. Minyoo bapa inayotoka kwenye konokono, kama vile Diplostomum anayepofusha macho ya samaki, hutoka kwa wingi zaidi maji yanapopata joto. Lakini mabuu wake hawali chochote wakiwa majini. Wanaishi kwa akiba waliyotoka nayo, na joto huwafanya waimalize mapema. Wanakuwa wengi zaidi na wa kuishi muda mfupi zaidi, na ni nani anayeshinda inategemea samaki yuko karibu kiasi gani. Kwa vimelea vinavyohitaji wenyeji watatu au zaidi, yaani viumbe ambamo huishi kwa zamu, hali inaweza kuwa mbaya kabisa, kwani mmoja akipungua mnyororo hukatika. Watafiti waliopasua samaki waliohifadhiwa makumbusho, waliovuliwa Puget Sound, ghuba ya bahari katika jimbo la Washington, Marekani, kati ya 1880 na 2019, walikuta vimelea vya aina hiyo vimepungua kwa asilimia 38 kwa kila nyuzi moja ya joto iliyoongezeka. Yale ni maji ya chumvi, nakubali, lakini mnyororo wa wenyeji hufanya kazi kwa namna ile ile ziwani.

Sitaki nieleweke kwamba joto si tishio. Lernaea, yule anayejikita kwenye nyama ya samaki kama nanga, hustawi katika maji ya uvuguvugu na huzorota kwenye baridi, na vivyo hivyo tegu wa Asia anayewadhuru wachanga wa kapi. Kwa mfugaji mwenye wadudu hawa, makala yenu ilisema kweli.

Ombi langu ni dogo. Mara nyingine gazeti likichapisha kipimo cha dawa au idadi ya siku za tiba, tafadhali liandike pembeni yake joto la maji ambalo kipimo hicho kilikusudiwa, na limwambie msomaji apime kwa kipimajoto alfajiri na alasiri, katika kina ambacho samaki wake hukaa, badala ya kuchovya mkono ukingoni.

Wako,
Mfugaji wa samaki na msomaji wa siku nyingi