Usiliruke swali la madeni

Mwanangu mpendwa,

Jana usiku uliniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu anasikiliza mlangoni: "Mama, nikijibu 'Hapana' pale kwenye Sehemu ya 26, penye swali la madeni, watajuaje?" Nimeona heri nikuandikie, maana kwenye simu hunikatiza.

Watajua, baba. Pamoja na fomu ile ya SF-86, ya kuombea kibali cha kushughulikia siri za serikali ya Marekani, unatia sahihi ya kuwaruhusu wavute ripoti yako ya mikopo. Kadi uliyoacha kuilipa ulipopunguzwa kazini, na lile gari lililokuja kuchukuliwa asubuhi ukiwa umelala, vyote vimo humo. Wanauliza kuhusu miaka 7 iliyopita: deni lililochelewa zaidi ya siku 120, lililokabidhiwa wakusanya madeni, mali iliyotwaliwa, kodi isiyolipwa. Na hata ukipewa kibali, siku hizi hawangoji miaka ipite ndipo wakupekue upya. Kumbukumbu zako zinafuatiliwa muda wote.

Lakini kinachoniumiza ni kwamba unadhani deni ndilo litakalokuangusha. Katika miongozo ya Marekani ya kutoa vibali, iliyoanza kutumika Juni 2017, madeni yako chini ya Mwongozo F, na mwongozo huohuo unakupa nafasi ya kujieleza. Aliyepoteza kazi, aliyeugua ghafla, aliyeachana na mwenzi wake, kisha akahangaika kweli kulipa, hayo yanahesabiwa upande wake. Kudanganya kwenye fomu ni Mwongozo E, unaohusu mwenendo wa mtu. Ukiandika "Hapana" huku unajua ni "Ndiyo", umeiacha kesi yenye maelezo ukajitafutia isiyo na maelezo. Tena ni kosa la jinai, kifungo chake ni hadi miaka 5.

Usiwaone wakorofi kwa kuuliza. Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alikuwa amezama kwenye madeni mwaka 1985 alipowauzia Wasovieti siri kwa dola 50,000, na hakuishia hapo. Alikuja kukamatwa 1994, akiwa ameshanunua nyumba ya zaidi ya nusu milioni kwa fedha taslimu. Watu walikufa kwa sababu yake. Wanaotoa vibali wanaogopa mtu anayebanwa na deni na hana anayemwambia, kwa sababu mtu wa namna hiyo anaweza kushikwa shingo na yeyote atakayeijua siri yake.

Aibu hiyo umeirithi kwangu. Ulipofanyiwa upasuaji ukiwa na miaka minne, bili za hospitali zilinishinda. Zilikuja katika zile bahasha zenye kidirisha, jina langu likichungulia, na mimi nazichomeka kwenye droo chini ya vitambaa vya meza bila kuzifungua. Nilizoea kumuwahi baba yako kwenye sanduku la barua. Siku aliyoikuta ile droo alizipanga mezani moja moja kwa tarehe, zilikuwa 19, na kuhusu pesa hakusema neno. Aliniuliza tu, "Tangu lini?" Deni tulilimaliza kwa miaka mitatu. Swali lile lilichukua muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo jibu "Ndiyo", na kwenye nafasi ya maelezo andika kilichotokea: tarehe uliyopunguzwa, kiasi unachodaiwa, ulichokwisha kulipa. Kabla ya hapo toa ripoti zako zote tatu za mikopo, kutoka kampuni zinazoziweka, yaani Equifax, Experian na TransUnion, kwa kuwa deni linaweza kuwa kwenye moja na lisiwe kwenye nyingine. Mpigie mkusanya deni mkubaliane malipo ya kila mwezi, hata madogo, na makubaliano uyapate kwa maandishi. Stakabadhi usitupe hata moja. Na kama ulishaituma fomu ukanificha, mwambie mpelelezi mwenyewe kabla hajakuuliza. Kusahihisha mapema kwa hiari kunahesabiwa. Kusahihisha baada ya kuonyeshwa ripoti hakuna uzito huo.

Jumamosi niko nyumbani kutwa nzima. Njoo na bahasha zote, hata zile ambazo hujazifungua. Hizo nitazifungua mimi.

Mama yako