Toa hiyo programu bila nyimbo za watu

Isevya, Tabora

Mwangaluka, mwanangu.

Simu ilikuwa inakatikakatika, nikaona heri nikuandikie. Umesema programu yako ya kutyuni gitaa imekamilika, ila kabla ya kuiweka Play Store unataka kuiongezea nyimbo za zamani za bendi za hapa Tabora, ili mtu akishatyuni apige akizifuatisha. Mimi nasema hapana. Itoe kama ilivyo.

Nyimbo za Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz zimezagaa mtandaoni, kweli, lakini kuzagaa si ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mtunzi akiwa marehemu, warithi wapo. Na aliyerekodi naye ana haki yake, mbali na ya mtunzi. Ukizitaka kweli, anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulize nani kasajili nini, kisha uende kwa wenyewe mkaandikiane. Hiyo ni kazi ya miezi, na programu yako haina sababu ya kuisubiri. Ukizipachika kimyakimya, mwenye haki akilalamika Google wataiondoa programu, na ukirudia wataifunga akaunti uliyoilipia dola 25. Lakini hata wasingefanya lolote, wapo wapiga gitaa wenzangu waliozeeka wakijisikia redioni huku mfukoni hamna kitu. Sitaki na wewe uwe mmoja wa wanaokula jasho lao.

Sasa majaribio. Ulisema akaunti mpya ya mtu binafsi haifunguliwi mlango mpaka wapatikane wajaribu wasiopungua 12, wakae siku 14 mfululizo. Wazee wa bendi na vijana wa kwaya wa huku Ng'ambo wamejiunga wote. (Kazi ilikuwa kwenye Gmail. Kila mtu anayo, hakuna anayekumbuka nywila.) Wanaisifu, lakini sifa hazitakusaidia, kwa hiyo nakupa malalamiko.

Mpiga besi anasema uzi wake mnene unaichanganya programu yako. Uzi huo ukiwa sawa ni kama hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na maikrofoni ya simu ndogo haiusikii vizuri chini kule; inakamata sauti yake ya juu, ya mara mbili, hezi 82, ambayo ni sauti ya uzi mnene wa gitaa la kawaida. Weka kitufe cha kuchagua besi au gitaa, programu ijue inatafuta nini.

La pili ndilo ninalolitaka mimi zaidi. Umeifunga kwenye hezi 440 kwa noti A. Ndicho kipimo cha dunia, sina ugomvi nacho. Lakini sisi tulikuwa tunatyuni kwa kusikilizana: mpiga solo anatoa sauti, ridhimu na besi tunamfuata, au kama kuna saksafoni basi sote tunaifuata yenyewe. Na kanda za zamani nyingine zinakwenda mbio kidogo, sauti inapanda; nyingine zinajivuta, sauti inashuka. Kijana anatyuni kwa programu yako, kijani kinawaka nyuzi zote sita, akifungulia wimbo wa zamani redioni anajikuta nje. Anadhani gitaa bovu. Mruhusu asogeze kile kipimo, tuseme kutoka 425 hadi 455, na akitaka kukirudisha 440 abonyeze mara moja tu. Kwangu mimi kitufe hicho kina thamani kuliko nyimbo zote ulizotaka kupachika.

Halafu kuna lile swali la maikrofoni. Programu ikifunguliwa tu inaomba ruhusa ya kusikiliza, na mzee mmoja akaifuta hapohapo, akasema anarekodiwa. Kabla ya ombi hilo andika kwa Kiswahili cha kawaida kwamba sauti haitoki nje ya simu na wala intaneti haihitajiki. Na kioo kisizime mtu anapotyuni, mikono yote miwili iko kwenye gitaa.

Matangazo usiweke. Afadhali uuze kwa bei ndogo. Tangazo likilia katikati ya kutyuni, maikrofoni italisikia nalo. Ya iPhone iache kwanza, dola 99 kila mwaka ni nyingi kwa mtu ambaye hajauza kitu.

Kuhusu mazoezi, nitakurekodia mimi. Ridhimu za mtindo wetu, nilizozibuni mwenyewe, polepole kwanza kisha kwa mwendo wake, na karatasi ya ruhusa nitaisaini, maana baba naye ni mwenye haki. Nitakutumia kama faili, si sauti ya WhatsApp, ile inabanwa. Niambie tu unataka kila moja iwe ya dakika ngapi, na kama nihesabu kabla ya kuanza au programu itahesabu yenyewe.

Mama yako anakusalimu. Anauliza programu inauzwa shilingi ngapi, amekwishawaahidi watu.

Baba yako