Kabla hujaziuza zile picha

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka Msasani. Huku tu wazima, mama anakusalimia na bado anauliza utakuja lini ummalizie mlango wake. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili: kwamba kuna mtu amekufuata huko Nairobi, anataka picha zako 12 za pwani aziuze kama NFT, yaani vyeti vya kidijitali vinavyouzwa mtandaoni, na unaniuliza mimi kwa kuwa nilishawahi kuingia huko. Jambo hili halienei kwenye WhatsApp, ndiyo maana nakuandikia barua.

Unakumbuka Machi 2021, wapiga mnada Christie's walipouza picha ya kidijitali ya msanii Beeple kwa zaidi ya dola milioni 69? Ila aliyenitia moyo hasa ni Osinachi, yule Mnigeria anayechora kwa Microsoft Word, programu ileile tunayoandikia barua za kuomba kazi. Oktoba mwaka uleule kazi zake zikapigwa mnada Christie's ya London. Nikajiambia, kama Word imefika London, tableti yangu inashindwa nini?

Nikauza moja, ile ya mama muuza samaki wa Feri mwenye kanga ya njano. Aliyenunua simjui mpaka leo. Namjua kwa mlolongo wa herufi na tarakimu unaoanza na 0x. Nikakatwa ada za mtandao, kilichobaki nikalipia kodi ya miezi mitatu. Hilo silidharau, Rehema. Hakukuwa na dalali, wala mwenye duka la vinyago wa kuniambia picha kama hizi anazo tele.

Sasa sikia kilichofuata. Ufunguo wa pochi yangu ya kidijitali, inapokaa rekodi ya NFT zangu, ni maneno 12 ya Kiingereza, nimeyaandika kwenye daftari la shule lililolala sandukuni chini ya kanga za mama. Mwaka jana nikalitoa, nikayaingiza neno moja moja, nikafungua. Rekodi ipo yote: siku, saa, aliyeuza, aliyenunua. Nikabofya picha. Kikatokea kiboksi cheupe kitupu. Tovuti iliyokuwa imeihifadhi ilishafungwa.

Picha yenyewe haikuwahi kuwa kwenye mnyororo, yaani blockchain, lile daftari la pamoja la mtandaoni linalorekodi mauzo. Kinachokaa Ethereum, mnyororo mmojawapo, mara nyingi ni anwani tu, inayoonyesha picha imewekwa wapi, kwa sababu kuingiza faili zima ni gharama kubwa mno. Picha za NFT ziitwazo CryptoPunks ziliingizwa zenyewe ndani ya mnyororo mwaka 2021, lakini zile ni vipicha vya pikseli 24 kwa 24. Mama wa Feri na ndoo yake haenei humo. Faili lake ninalo kwenye diski yangu, safi kabisa, ila aliyelilipia sina namna ya kumpata nimkabidhi. Jambo hili linaninyima raha mpaka leo, maana mtu alilipa kwa nia njema.

Lakini lililoniuma zaidi ni la asilimia. Unajua tulikokulia kikazi. Edward Saidi Tingatinga alipaka rangi ya baiskeli kwenye hadibodi, akiuza pale Oysterbay, na risasi ya polisi ikamuua mwaka 1972 akiwa amechora miaka michache tu. Ubao ukishatoka mkononi, bei hupandia kwa wengine. NFT iliahidi kulitibu hilo: kila kazi ikiuzwa tena, asilimia 5 au 10 inarudi yenyewe kwa msanii. Nilipomwelezea mzee wetu aliyetufundisha, aliweka brashi chini, akaniuliza, “Kila ikiuzwa? Hata nikishakufa?” Nikamjibu ndiyo.

Nilikosea. Asilimia ile haikufungwa ndani ya tokeni, yaani NFT yenyewe. Ilikuwa ikikatwa na soko, na soko likiamua kuacha, linaacha. Mwaka 2022 wachuuzi walihamia kwenye masoko yasiyomkatia msanii kitu ili faida yao ibaki nzima. Agosti 2023 OpenSea, soko kubwa la NFT, nao wakatangaza kwamba malipo hayo yatakuwa ya hiari. Mzee bado sijamwambia.

Kwa hiyo jibu langu: usikatae, ila usikimbilie. Huko Kenya sheria ya hakimiliki ilirekebishwa mwaka 2019, ikampa msanii asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Ufaransa walianza hilo mwaka 1920. Mimi naiamini sheria kuliko ahadi ya tovuti, hivyo fungu lako la mauzo ya baadaye liandikwe kwenye mkataba kwa jina lako na saini yake. Halafu muulize huyo bwana, kwa maneno ya kawaida, mnunuzi anapata nini. Kununua NFT hakumpi mtu hakimiliki mpaka iandikwe hivyo, na wapo wanaoiandika kwa herufi ndogo ukurasa wa nne. Ukiitoa, kesho samaki wako wako kwenye mifuko na fulana na huna la kusema. Na faili zitakaa wapi, nani analipia zisipotee? Akisema “zipo kwenye mtandao,” hajakujibu. Mbao zenyewe usimpe hata moja, mpigishie picha hapohapo nyumbani kwako.

Wakusanyaji wa kweli wapo, nimewaona, wanaopenda kazi na kufuatilia maisha ya msanii. Huyo wako muulize ni picha gani kati ya hizo 12 anayoipenda, na kwa nini.

Nitumie mkataba kabla hujatia saini, kila ukurasa, hata ule wa mwisho usio na kitu. Ule ubao wako wa majahazi bado uko kwangu, nimeufunika kwa kitenge usishike vumbi.

Wako,
Zuhura