Barua kwa shoga yangu aliye Hamburg

Wete, Pemba
Novemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku vuli imetukuta na karafuu majamvini, kila wingu likitanda mbio kuanua.

Tangu uliponiambia kuwa mwalimu haoni kama mwanetu ni wa Gymnasium, ile skuli ya sekondari ya kuandaa watoto kwa chuo kikuu, kwa sababu ya Kijerumani chake, sijatulia. Mtoto wa miaka 9! Mtoto huyo namjua. Mlipokuja msimu ule alikaa jamvini na bibi yake akijumlisha pishi kichwani, bibi hajamaliza kupima keshataja jawabu.

Nami darasani kwangu nilimkosea mtoto hivyo hivyo. Sera yetu ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilitaka hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5. Nilikuwa na msichana aliyekuwa hodari wa hesabu. Kufika darasa la 5 akanyamaza. Nikamuandika mzito. Muhula mzima, shoga. Siku moja nikamsomea swali kwa Kiswahili, akanijibu chaki bado i mkononi. Mpaka leo nikikutana naye naona haya.

Wajerumani walishtuka matokeo ya PISA ya 2000, ule mtihani wa kulinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali, yalipotoka: pengo baina ya watoto wa wahamiaji na wa wenyeji lilikuwa kubwa mno. Sheria ya uhamiaji ya 2005 ikaleta masomo ya lugha uliyopitia wewe, yale ya saa 600. Lakini hayo ni ya watu wazima. Mtoto, katika majimbo mengi, bado anapangiwa aina ya skuli baada ya darasa la 4, lugha haijamkaa. Finland wanasoma pamoja mpaka miaka 16. Hilo ndilo linaloniuma.

Basi usikubali upesi. Hapo Hamburg mwalimu anashauri tu, anayechagua ni mzazi. Nenda na daftari lake la hesabu, umuulize amepima akili au ulimi. Ukiona Stadtteilschule, ile skuli ya sekondari ya watoto wa viwango vyote, ndiyo inayomfaa, mpeleke na moyo mweupe, Abitur, cheti cha kuingilia chuo kikuu, ataipata huko huko mwaka wa 13. Ila awe ametazamwa yeye kwanza.

Na aliyekushauri uache kusema naye Kiswahili nyumbani, msikilize kwa adabu, kisha endelea. Bibi yake Kijerumani atakitoa wapi?

Mwisho wa Januari wakikupa karatasi ya ushauri wa skuli, ipige picha uniletee siku hiyo hiyo.

Shogayo