Tamthilia za Kituruki si za kulaumiwa

Ndugu Mhariri,

Wanaowasema watazamaji wa tamthilia za Kituruki kwamba wanapenda vya nje wanakosea. Watu hawafuati Istanbul. Wanafuata mama mkwe mkorofi, urithi unaogombewa na mtoto asiyemjua baba yake, mambo yaliyopo hata Manzese. Tena wanayasikia kwa Kiswahili, na waliotia sauti wameifanya kazi hiyo vizuri mno.

Kinachowanasa hasa ni mpangilio. Kipindi hukatwa mlango unapofunguliwa, hujaona nani anaingia. Visa vitatu huenda sambamba: kimoja kikiisha, kingine kimeshakolea. Na saa haibadiliki, hivyo kesho yake sokoni kuna la kujadili.

Siyo kwamba hatuijui kazi hii. Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio "Twende na Wakati" mwaka 1993, na kupitia Mkwaju, dereva wa lori mpenda wanawake, wasikilizaji wengi walizungumza kuhusu UKIMWI na uzazi wa mpango. Leo baadhi ya watayarishaji wetu humaliza kisa chote ndani ya nusu saa, kisha wanashangaa mbona watu wamehama. Wawalipe waandishi kwanza, ndipo wawashe kamera.

Msomaji,
Dar es Salaam