Kwa vijana wa jukwaani: ombeni idhini kabla ya kushika kalamu

Wanangu watunzi, waongozaji na waigizaji,

Nawapenda, ila leo nina hasira. Nimechoka kuona mchezo uliotolewa katika simulizi takatifu za watu umebandikiwa mabango na tiketi zinauzwa, ndipo wazee wenye simulizi wanaitwa waje kubariki zoezi la mwisho. Mzee akisema wimbo ule ni wa maziko, hauimbwi hivi hivi, mnanuna kwamba anawakwamisha. Mmemwita atie sahihi jambo mlilokwisha kuliamua!

Idhini huombwa kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa. Nendeni na daftari tupu, muulize: nani ana haki ya kusimulia? Sehemu ipi haisemwi mbele ya kila mtu? Jina gani halitamkwi, sura ya nani haionyeshwi? Rudini na muhtasari wa matukio, kisha mswada, kisha waiteni mazoezini mapema, wakati onyesho zima bado laweza kuondolewa bila hasara. Wakikataa, wamekataa.

Msiniambie mipaka inaua sanaa. Katika taazia, mchezo wa maombolezo wa Iran unaoigiza mauaji ya Imam Husein, mjukuu wa Mtume Muhammad, huko Karbala, mwigizaji hushika karatasi ya maneno yake hata kama ameyahifadhi, ijulikane kwamba yeye si yule mtukufu. Wa upande wa Husein huvaa kijani na kuimba. Maadui huvaa nyekundu na hunena kwa ukali bila kuimba. Na watu hulia.

Lakini heshima haizuii kusahihisha. Kijiji cha Oberammergau, Ujerumani, huigiza mateso ya Yesu tangu 1634, kwa nadhiri ya wakati wa tauni. Kwa vizazi mchezo huo uliwatwisha Wayahudi wote damu ya Yesu, na Hitler akausifu. Kauli ya umati mchezoni kujitwika damu hiyo iliondolewa mwaka 2000 tu. Basi mnapofupisha simulizi, mwangalieni adui: sababu zake ndizo hukatwa kwanza, akabaki kabila au dini nzima yenye sura mbaya.

Nanyi wafadhili na watoa tuzo, acheni kuita kila dharau uthubutu. Mnawaharibu watoto.

Mengine kwa ufupi. Sala halisi isirudiwe mazoezini. Tungeni inayofanana nayo. Kifaa cha ibada kichongewe mfano. Fungu la wenye simulizi liandikwe kwenye mkataba kabla mapato hayajaingia. Video iombewe ruhusa yake peke yake, maana aliyekubali watu wa ukumbini hajakubali kila mwenye simu.