Mashoga zangu wa kwenye simu wamenigeuza tarishi wa dagaa

Anti shikamoo, na nyie wengine mnaosoma habari zenu. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Kigoma, Mwanga, ni fundi cherehani nina kibanda changu. Jina naomba liachwe mana hawa ninaowasema wanapitaga sana hapa, hasa mmoja, na sitaki ajue kabla sijaamua.

Ni hivi. Nina mashoga wanne nawapenda kweli kweli na hata mmoja sijawahi kumtia machoni. Tulikutana kwenye grupu kubwa la WhatsApp la mafundi, mambo ya kukata kola na kupachika zipu, humo watu wamejaa wanatupia matangazo mpaka simu inakuwa nzito, sisi watano tukajikuta usiku tunajibizana wenyewe tu, mwishowe tukatoka tukafungua la kwetu. Mmoja yuko Tabora, Isevya huko, mmoja Dodoma, mmoja Mwanza, mmoja Iringa. Hiyo ilikuwa 2019 na mpaka leo hatujaachana.

Humo ndani hatuongeagi cha maana jamani, nisiwadanganye. Ni nimeamka, nimefagia, maji hayajatoka, naenda kusaga unga, mashine ina foleni. Luku ya umeme imeisha maharage yako jikoni nusu yameiva nusu bado, nishaurini nihamie mkaa au niende kwa jirani. Mtoto kapoteza sweta la shule tena. Wa Iringa anatuma sauti akiwa anapanda mlima na mzigo kichwani unamsikia anahema, tunamcheka mpaka basi. Wa Tabora yeye kila akienda sokoni lazima atutajie bei ya kila kitu alichogusa hata ambacho hakununua. Baba watoto aliwahi kuniuliza hivi nyie mnachokiongea humo ni nini, nikampa simu asome, alisoma kidogo akanirudishia akasema mbona hakuna kitu. Ndio, hakuna kitu! Lakini mimi nakaa peke yangu na cherehani kutwa nzima, na sauti za hawa watu ndio zilikuwa zinanikalisha pale kwenye kiti.

Tulikuwa tunataniana sana na mambo ya kwetu kwetu. Mimi niko Kigoma, Ujiji ni hapo tu, basi wa Tabora akawa ananikera na habari za Livingstone, eti nyie mnajidai Stanley alimkuta kwenu 1871, mbona baada ya hapo akaja kukaa kwetu Kwihara miezi na miezi, kwenu alikuwa anapita tu. Mimi nikawa namjibu mgeni anayekaa sana ni kwa sababu hana pa kwenda. Na vita ya dagaa na wa Mwanza haijawahi kuisha, yeye anatetea wa Ziwa Viktoria, mimi namwambia hao wapelekee kuku, njoo uonje wa Tanganyika waliopikwa na mawese kwa ugali wa muhogo ndio uongee.

Sasa nahisi ndio nilipojiitia wateja, kwa kuwasifia hao dagaa.

Wa kwanza kuniagiza alikuwa wa Tabora, mama yake alikuwa anaumwa hana hamu ya kula, akaniomba dagaa kidogo. Nikaenda mwenyewe asubuhi Kibirizi, mwaloni ambako mitumbwi inashusha samaki, nikachagua waliokaushwa kwenye chanja, sio wale wa kuanikwa chini mchangani unatafuna mpaka meno yanalia, nikafunga, nikapeleka stendi ya Masanga. Pesa alituma yote pamoja na ya boda na ya kifurushi, na bado wiki hiyo hiyo nikapokea dumu la asali kutoka kwake, asali ya miombo nyeusi ile, watoto walilamba mpaka kijiko. Huyo sina neno naye mpaka kesho.

Ila wenzie wakaona njia ipo. Wa Mwanza huyo huyo aliyekuwa anawatukana dagaa wangu akaagiza, kumbe! Wa Iringa akataka mawese na migebuka ya kukausha, wale samaki wa ziwa letu. Mawese yakafika Iringa na baridi ile yakaganda, akanitumia picha ananiuliza shoga mbona umenichanganyia na mafuta ya kupaka, nikakesha namwelekeza kwamba mawese mazuri yakikutana na baridi lazima yagande, weka dumu kwenye maji ya moto yatalegea, na yeye anasema mbona ya dukani hayagandi. Sikutumwa na mtu kuwa mwalimu wa mawese mimi.

Watu wa mbali wanadhani Kigoma dagaa unatoka mlangoni unaokota. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, giza ndio linawaleta kwenye mwanga, siku za mbalamwezi wavuvi wanapumzika na bei inapanda, sasa mtu anakwambia leo bei hii juzi ile, unamweleza habari ya mwezi anaona unamzungusha. Halafu ufike mwaloni mapema, ukichelewa wazuri wameshabebwa na wenye mitaji, unabakiziwa vumbi. Mabasi nayo yanaondoka alfajiri kwa hiyo mzigo uwe umefika jana yake. Ukijumlisha ni asubuhi nzima imekwenda na mchana robo. Wateja wangu wanakuta kibanda kimefungwa, na Januari ya sare za shule mmoja alichukua kitambaa chake akakipeleka kwa fundi jirani. Simlaumu, mtoto anatakiwa shule.

Na boda hairudishwi. Wanatuma hela ya dagaa kamili kabisa, ya boda wanasema nikumbushe, kifurushi wanasema utanidai. Nimdai mtu aliyenisikiliza usiku kucha mwanangu alipokuwa na homa? Ulimi unakuwa mzito.

Kinachoniuma zaidi sio hela lakini, nisikilizeni vizuri hapa. Kinachoniuma ni kwamba hawaniongeleshi tena. Zamani nikiamka nakuta mwakeye, walijifunza hiyo salamu ya Kiha kwangu wanaitamka hovyo hovyo, mmelalaje, leo unashona nini. Siku hizi naamka nakuta mpenzi dagaa wamefikaje. Nikisema mimi leo mgongo unaniuma, kimya, halafu baada ya nusu saa anakuja mtu na pole shoga, hivi migebuka ipo?

Nitawaambia kitu kitaonekana cha ajabu. 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika, miezi mitatu, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, samaki wazaliane. Hapa mtaani ilikuwa ngumu, majirani zangu wengi wanaishi kwa ziwa, kina mama wanaoanika dagaa walikaa mikono mitupu, samaki kidogo waliokuwepo bei haishikiki. Mimi mwenyewe wateja walipungua, nani atashona gauni mumewe haingii ziwani. Lakini kwenye simu, Anti, yale maongezi yalirudi! Hakuna wa kuniagiza kitu kwa hiyo tukarudi kwenye mkaa na maharage na sweta lililopotea. Wa Dodoma alitueleza alivyogombana na kondakta wa daladala kwa sababu ya chenji, siku mbili nzima tunaijadili hiyo chenji. Nilikuwa nacheka huku namwonea aibu jirani yangu ambaye mtumbwi wa mumewe umepaki. Ziwa lilipofunguliwa niliamua nisiseme kitu kabisa, nikakaa kimya, kumbe wamesikia redioni. Usiku ule ule oda zikaingia tatu.

Sasa huyu wa Dodoma ndio amenifanya niandike. Yeye anaagizaga mzigo mkubwa kuliko wote, anasema ni ndugu, wakwe, wafanyakazi wenzie, mimi nikawa nasema familia yao inapenda dagaa haswa. Juzi napitia status za watu nikiwa nasubiri pasi ipate moto, nakutana na ya kwake, picha ya dagaa wangu, nawajua kwa sababu mfuko ni ule ule niliofunga mimi na kitambaa chekundu cha mabaki ya sare, kaandika dagaa wa Kigoma original wamefika wahi kabla hawajaisha, na bei kaweka. Bei yake ukitoa niliyomnunulia mimi, iliyobaki ingenilipia boda za mwaka. Baada ya muda kidogo ile status sikuiona tena, nadhani alisahau kunificha. Hajasema kitu na mimi sijasema kitu.

Simkatazi kufanya biashara, kila mtu anatafuta. Angeniambia tu shoga nauza, tugawane hivi na hivi, ningefurahi hata. Lakini kunitoa kwenye cherehani kila mara kwa jina la mkwe!

Nimeomba ushauri nyumbani. Baba watoto anasema acha ujinga, weka elfu kadhaa juu ya kila kilo, usimwambie mtu, hiyo ndio biashara. Mama yangu anasema shoga hauziwi, au umpe bure au umwambie huna nafasi. Mimi kuuza dagaa sitaki, biashara ile ina wenyewe, wana jicho la kujua mchanga umechanganywa wapi na mzani umechezewa wapi, mimi jicho langu ni la kitambaa. Na nikiweka cha juu kimya kimya nitakuwa na tofauti gani na wa Dodoma? Wa Tabora nilimdokezea pembeni, akaniambia waambie mwenyewe kwenye grupu wote wasikie, mimi nitakuunga mkono. Naogopa nikisema hadharani watajitetea, wa Iringa atatoka kwa sababu ana hasira za haraka, na wa Mwanza ataleta mzaha mpaka maana ipotee. Nikijitoa mimi ndio nitabaki na nani saa nne ya usiku?

Nimewaza pia niwape namba ya mama mmoja pale Kibirizi anayeuza na kutuma mikoani, mwaminifu, waagize kwake moja kwa moja mimi nitoke katikati. Ila naogopa wakishapata namba ya mama wa dagaa hawatakuwa na sababu ya kunitafuta kabisa, hapo ndio nitajua nilikuwa nani kwao, na sijui kama niko tayari kujua.

Wenye uzoefu naombeni mnisaidie, hasa kuhusu huyu wa Dodoma, nimwambie nimeona au nijifanye sijaona? Leo asubuhi katuma hela nyingine, nyingi, na ujumbe chini yake, shoga wangu mkwe kaomba tena. Tiki za bluu ameshaziona. Hela sijaigusa, anasubiri jibu na mimi nasubiri lenu.

Fundi wa Mwanga, Kigoma